Caruso na pembe ya bati: jibu kwa mwalimu wa kwaya

Swali: Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Morogoro. Juzi niliwapigia vijana wangu wa sauti ya tatu rekodi ya Enrico Caruso, Mwitaliano aliyeimba opera (michezo ya jukwaani inayoimbwa), niliyoipata kwenye intaneti, nikitaka wasikie tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, ni nini. Wakacheka. Wakasema mzee huyu anaimba ndani ya debe. Nami nikakosa la kuwajibu. Je, Caruso alikuwa mkubwa kweli, au ni gramafoni tu iliyomkuza kwa sababu aliiwahi? Alifunzwa wapi? Na nimesoma kuwa alifariki akiwa na miaka 48. Nini kilimpata?

Jibu: Mwalimu, vijana wako wamesikia vizuri. Debe lilikuwepo kweli, na Caruso aliimba ndani yake. Naomba nianzie hapo, kwa sababu bila kulielewa debe lile hutaweza kuisikia sauti iliyopita ndani yake.

Tarehe 11 Aprili 1902, katika chumba cha Grand Hotel et de Milan mjini Milan, hoteli ile ile ambamo mtunzi Verdi alifia mwaka uliotangulia, kijana wa miaka 29 alisimama mbele ya pembe kubwa iliyochomoza kutoka kwenye kizuizi. Nyuma ya kizuizi alikuwepo fundi wa Kimarekani, Fred Gaisberg, aliyetumwa na kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Malipo yalikuwa pauni 100 kwa nyimbo 10, na zote zilimalizwa siku hiyo hiyo. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kumrekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ila kufikia wakati wa Siti maikrofoni ilikuwa imekwisha kuingia. Caruso hakuiona maikrofoni ya kurekodia maisha yake yote. Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925, naye alikuwa kaburini tangu 1921.

Kazi ilifanyika hivi. Mwimbaji anaimba kwenye mdomo mpana wa pembe. Upande mwembamba kuna kiwambo chepesi kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Kiwambo kimeunganishwa na sindano, na sindano inachimba mfereji kwenye sahani nene ya nta inayozunguka. Hakuna umeme wa kuikuza sauti hata kidogo. Nguvu yote iliyoitikisa sindano ile imetoka mapafuni mwa mtu. Na kosa kwenye nta halifutiki. Ukikohoa, ukikosea neno moja, ukichelewa nusu pigo, sahani imeharibika na mnaanza upya na nyingine. Wimbo wenyewe usizidi dakika nne na ushei, kwani mfereji unakwisha. Noti ikiwa ya nguvu, mwimbaji alirudi nyuma hatua moja ili sindano isiruke. Ikiwa laini, aliingiza uso karibu na pembe. Wengine walishikwa mabega na msaidizi, wakivutwa na kusukumwa mfano wa mtoto anayefundishwa kutembea.

Pembe hiyo ilikuwa na upendeleo wake, na hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Haikunasa sauti za chini sana wala za juu sana. Soprano wengi, waimbaji wa sauti ya juu ya kike, walitoka wembamba kama mluzi, maana ule mng'ao wa juu unaoipa sauti yao uhai haukuingia kwenye nta. Fidla za kawaida hazikusikika, hivyo zikatengenezwa fidla maalumu zenye pembe ya bati badala ya sanduku la mbao. Fidla kubwa za besi nazo ziliwekwa kando, nafasi yake ikachukuliwa na tarumbeta kubwa za besi. Kilichopita salama ni eneo la katikati, na katikati ndiyo nyumba ya tenori, hasa tenori mwenye uzito kifuani, anayekaribia baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tenori na besi. Caruso alikuwa hivyo hasa.

Kwa hiyo ni kweli kwamba pembe ilimpenda. Lakini Gaisberg alimfuata Caruso kwa kuwa alikuwa tayari gumzo la Milan. Desemba 1900 alikwisha kuimba opera ya La Bohème kwenye jukwaa la La Scala, ukumbi mkuu wa opera wa Milan, Toscanini akiongoza okestra, na alikwisha kuimba Urusi na Argentina. Matenori wengine wazuri wa siku zake nao waliiimbia pembe ile ile, na rekodi zao zipo. Zisikilize, kisha urudi kwa Caruso. Wao utawasikia ng'ambo ya ukuta. Yeye atakuwa chumbani nawe.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo pengine liliwapoteza vijana wako. Sahani tunazoziita za 78 hazikurekodiwa zote kwa mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi za Caruso zilirekodiwa kwa mwendo wa chini kidogo. Ukizipiga kwa 78 kamili wimbo unapanda, sauti inakonda, na yule mtu mwenye kifua anageuka kijana anayebanwa pua. Nakala nyingi zilizomo kwenye intaneti ziliingizwa na watu wasiojali jambo hili. Chukua kinanda chako, tafuta wimbo umeandikwa katika ufunguo gani, linganisha. Nakala ikiwa juu ya ufunguo kwa karibu nusu toni, iache, tafuta nyingine. Ila kumbuka kwamba mara chache Caruso mwenyewe alishusha wimbo kwa makusudi, maana ile noti ya C ya juu ya matenori haikuwa mali yake ya uhakika. Watu husimulia kana kwamba alizaliwa nayo. Hakuzaliwa nayo, na hilo linatufikisha kwenye suala la mafunzo.

Alizaliwa Napoli, Februari 1873. Baba yake, Marcellino, alikuwa fundi mitambo. Utakutana na hadithi kwamba alikuwa mtoto wa 18 kati ya 21. Imerudiwa vitabuni kwa miaka mingi, lakini waliopekua kumbukumbu za uzazi walikuta watoto saba, na Enrico alikuwa wa tatu. Akiwa na miaka 11 alipelekwa kujifunza ufundi kwa mtu aliyetengeneza mabomba ya maji ya kunywa ya mitaani. Sauti yake ya utotoni ilikulia pale zinapokulia sauti za vijana wako, kwenye kwaya ya kanisa. Mama yake alifariki mwaka 1888, na tangu hapo akawa anaimba barabarani na mikahawani kupata riziki.

Mwalimu wake wa kwanza wa maana, Guglielmo Vergine, hakuvutiwa naye. Sauti ilikuwa ndogo, na ikipanda juu inakatika. Alikubali kumfundisha kwa mkataba ambao mimi kila nikiukumbuka nasikitika: robo ya mapato ya Caruso kwa miaka mitano ya kuimba. Angalia hayo maneno mawili ya mwisho. Yalimaanisha siku za kuwa jukwaani tu ndizo zihesabiwe, kwa hiyo miaka mitano ingeweza kumeza nusu ya maisha ya kijana. Ilibidi mahakama iingie kati ndipo kamba ile ikafunguka. Jeshi nalo lilimwita mwaka 1894, na ndugu yake Giovanni akaenda kutumika badala yake ili yeye aendelee na masomo.

Machi 15, 1895 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, Teatro Nuovo, Napoli, katika opera iitwayo L'amico Francesco ambayo hakuna anayeiimba leo. Ipo picha yake ya mwaka uliofuata, kijana mwenye masharubu, amejifunika shuka begani kama Mrumi wa kale. Inaonekana ni ya kisanii sana. Ukweli ni kwamba shati lake lilikuwa moja tu, na siku ile lilikuwa kwa dobi.

Miaka hiyo noti za juu zilikuwa zikimvunjikia mbele za watu. Mwalimu wa pili, Vincenzo Lombardi, ndiye aliyemsaidia kuzijenga. Kwa hiyo ukimwona kijana wako wa miaka 19 ana sauti ndogo inayopasuka juu, usimtoe kwenye tenori. Caruso alikuwa hivyo akiwa na miaka 22. Noti zilipatikana kwa kazi ya miaka, kuimba usiku baada ya usiku katika miji midogo ya Italia ya kusini na Sicily, akishika nafasi mpya za wahusika kwa haraka ya kutisha. Jina lake lilianza kuvuma Novemba 1898 alipoimba sehemu ya Loris katika onyesho la kwanza kabisa la Fedora, opera ya Giordano, mjini Milan.

Ukitaka kuusikia ujenzi huo kwa masikio yako, fanya jaribio nililolifanya mimi mara nyingi na wanafunzi. Caruso alirekodi wimbo mmoja, Vesti la giubba kutoka opera ya Pagliacci, mara tatu: mwaka 1902 mjini Milan kwa piano, 1904 Marekani kwa piano, na 1907 kwa okestra. Ni wimbo wa mchekeshaji anayejipaka unga usoni kwenda kuwachekesha watu muda mfupi baada ya kugundua mkewe anamsaliti. Zipige kwa kufuatana. Ya 1902 ni ya kijana: sauti nyepesi, tamu, ana haraka. Ya 1904 imetulia, mstari umenyooka. Ukifika ya 1907, kwenye lile neno "ridi", yaani cheka, sikiliza namna anavyoifikia noti ya juu. Haiparamii. Pumzi imeishaandaliwa kabla hajafungua kinywa, mstari wote unapanda kwa uzito ule ule, na kilio kinasikika ndani ya noti yenyewe pasipo kwikwi nyingi ambazo wengi walioiga baadaye walizirundika. Hiyo ya tatu ndiyo ungewapigia vijana kwanza.

Sifa nyingine ya Caruso ambayo sisi walimu wa sauti tunaipenda ni matamshi. Pembe ile ilimeza konsonanti za waimbaji wengi. Yake haikumezwa. Hata asiyejua Kiitaliano anaweza kuandika alichosikia, silabi kwa silabi, na Kiswahili chetu kwa vokali zake tano safi kinakupa faida kubwa katika kumwiga hapo.

Nyumbani kwao hakushangiliwa alivyotumaini. Mwishoni mwa 1901 aliimba opera ya L'elisir d'amore katika San Carlo, ukumbi mkuu wa Napoli, akapokewa kwa ubaridi na magazeti yakamkosoa. Akaapa hataimba tena mjini mwao, na hakuimba. Ila nyimbo za Napoli hakuziacha: Core 'ngrato aliirekodi mwaka 1911, mwaka ule ule ilipotungwa, na 'O sole mio mwaka 1916. Kiapo kilikuwa kwa ukumbi. Mji wenyewe aliendelea kuubeba kinywani.

Novemba 23, 1903 alianza Metropolitan Opera ya New York kwa opera ya Rigoletto, na huko ndiko alikokaa hadi mwisho: misimu 18, maonyesho zaidi ya 800. Malipo yake yalifika dola 2,500 kwa usiku mmoja, fedha kubwa mno kwa siku zile. Kampuni ya sahani ya Victor ya Marekani ilimrekodi kuanzia Februari 1904, zaidi ya sahani 200, nazo zikaingia majumbani mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa opera. Januari 1910 sauti yake ilirushwa hewani kutoka Metropolitan katika mojawapo ya majaribio ya kwanza kabisa ya redio, yakiongozwa na Lee de Forest. Waliosikiliza kwa vipokezi vya siku zile walipata mikwaruzo mingi kuliko muziki. Desemba mwaka huo huo alikuwa tenori wa onyesho la kwanza la La fanciulla del West, opera ya Puccini. Mengine ya maisha yake nayapitia upesi: tetemeko la San Francisco la Aprili 1906 lilimkuta hotelini asubuhi baada ya kuimba opera ya Carmen, akaapa asirudi mji ule. Ada Giachetti, soprano aliyemzalia wana wawili, alimwacha mwaka 1908, na jambo hilo lilimvunja moyo kwa muda mrefu. Mwaka 1909 alipasuliwa koo kuondolewa kinundu kwenye nyuzi za sauti. Baada ya hapo sauti yake iliendelea kuwa nzito na nyeusi zaidi, na alianza kuchukua nafasi za wahusika wazito kama Samson na Éléazar.

Uzito huo una kisa chake, na kisa hiki vijana wako wa sauti ya nne watakipenda. Desemba 1913, Philadelphia, walikuwa wanaimba La Bohème. Caruso alikuwa Rodolfo, na besi Andrés de Segurola alikuwa Colline. Sauti ya Segurola ikamkauka katikati ya onyesho. Tendo la nne Colline ana wimbo mfupi wa kuliaga koti lake kuukuu anapokwenda kuliuza ili rafiki yao mgonjwa apate dawa. Caruso akamnong'oneza asimame afungue kinywa tu. Yeye mwenyewe akawageuzia watu mgongo, kofia ikiwa imeshushwa usoni, akauimba wimbo wa besi. Watazamaji wengi hawakugundua. Baadaye, mwaka 1916, aliurekodi kwenye sahani kwa ajili ya marafiki, na rekodi hiyo unaweza kuipata. Kinachonigusa si ule uwezo wa kushuka chini. Tenori mkubwa kuliko wote duniani alijua kwa moyo wimbo usio wake, noti kwa noti, kwa sababu kila alipokuwa jukwaani alikuwa akiwasikiliza wenzake.

Sasa kifo chake. Caruso alivuta sigara nyingi sana, moja baada ya nyingine, hata mapumziko ya katikati ya maonyesho. Hiyo peke yake haikumuua, lakini mapafu yake hayakuwa yamepumzishwa hata siku moja. Mwanzoni mwa Desemba 1920 alianza kulalamika maumivu makali ubavuni. Tarehe 11 akaenda Brooklyn Academy of Music kuimba L'elisir d'amore, ile ile iliyomuumiza Napoli. Alianza kutema damu jukwaani. Wanakwaya waliokuwa nyuma yake wakampitishia taulo. Aliimba mstari, akageuka, akafuta kinywa, akaitupa taulo nyekundu kwenye kisima cha mapambo, akapokea nyingine, akaimba tena. Mke wake Dorothy alikuwa ameketi mbele akiona yote. Tendo la kwanza lilipokwisha watu waliambiwa onyesho limefungwa.

Hata hivyo alirudi. Mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1920, aliimba Éléazar katika opera ya La Juive pale Metropolitan, na huo ukawa usiku wake wa mwisho jukwaani. Kesho yake, sikukuu yenyewe, alianguka kwa maumivu. Utando unaozunguka pafu ulikuwa umevimba na kujaa usaha. Leo tungempa dawa za kuua bakteria, tukamtoa usaha kwa mrija. Lakini penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Madaktari wa 1921 walikuwa na kisu tu, wakakitumia mara kadhaa, na sehemu ya ubavu ikakatwa. Mei alisafirishwa kwa meli kurudi Italia, akakaa Sorrento akichomwa jua, watu wakaamini anapona. Homa ikarudi. Walipokuwa njiani kumpeleka kwa madaktari wa Roma ilibidi wasimame Napoli, na katika Hotel Vesuvio, tarehe 2 Agosti 1921 asubuhi, alifariki. Binti yake mdogo, Gloria, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mfalme wa Italia aliruhusu ibada ya maziko ifanyike katika basilika la San Francesco di Paola. Mji alioapa kutouimbia ulifurika barabarani kumzika.

Mwalimu, kwa kuwa kwaya yako ni ya kanisa, nikupendekezee na hii. Mwaka 1920 kampuni ya Victor ilikuwa ikitumia jengo la kanisa kuukuu huko Camden, New Jersey, kama chumba cha kurekodia, na mwezi Septemba Caruso aliingia humo kwa mara ya mwisho. Tarehe 16 aliimba Domine Deus na Crucifixus kutoka misa ya mtunzi Rossini. Sahani hizo hazina mbwembwe za jukwaani. Sauti imekuwa nzito, karibu ya baritoni, na mwisho wa mistari unaweza kusikia pumzi ikichukuliwa, fupi kuliko ile ya 1907. Zimebaki miezi mitatu kabla ya zile taulo za Brooklyn. Wapigie 1907 kwanza, kisha hii, kwa mwendo sahihi, taa zikiwa zimepunguzwa na simu zimezimwa. Uliza wangapi bado wanasikia debe.